Mulika Mwizi na Zimwi Lenye Sauti ya Mama

Paukwa!

Nawasikia. Pakawa! Basi sogeeni, wanangu. Wewe mdogo, kaa hapa karibu na jiko, makaa bado yana moto. Nyinyi wakubwa, kaeni juu ya mitungi ya maji, lakini msiipindue.

Jioni imeingia Mashimoni. Garimoshi limepita relini, mabati yametetemeka, yametulia. Kijiji chetu hiki cha Kibera jina lake linajieleza: mahali penye mashimo. Ndiyo maana mtoto wa Mashimoni hufundishwa mapema kuangalia anapokanyaga. Leo nitawaonyesha mashimo mengine. Hayako njiani. Yako ndani ya simu.

"Mjomba, shimo linaingiaje ndani ya simu?"

Swali zuri hilo! Kuuliza si ujinga, mwanangu. Kuuliza ni kuwasha taa. Ebu tazameni simu yangu hii ya vibonye. Ina tochi kichwani. Mnajua watu huiitaje? Mulika mwizi. Leo nimeipa ruhusa izungumze. Tuisikilize.

"Asanteni, watoto," ikasema simu. "Mimi ni Mulika Mwizi. Zamani stima zikipotea usiku, mtu aliniwasha. Mwizi aliyejificha nyuma ya choo alionekana, akatimua mbio. Kazi yangu ilikuwa rahisi. Siku hizi mwizi haji kwa miguu. Anapita humu humu ndani yangu, anafika sikioni mwa mwenye nyumba. Nikiwasha tochi yangu, simwoni. Nahitaji tochi nyingine. Tochi hiyo iko vichwani mwenu."

Mmeisikia? Basi, kabla ya kumsaka mwizi wa leo, niwape hadithi ya mwizi wa kale.

Hapo kale paliondokea mama mmoja na watoto wake. Kila asubuhi mama alikwenda shambani. Aliwaambia, "Fungeni mlango kwa komeo. Nikirudi nitaimba wimbo wetu. Mkiusikia, fungueni." Nyuma ya mti palikuwa na zimwi. Zimwi likasikiliza. Siku ya pili likaja mlangoni, likaimba. Lakini sauti yake ilikwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Watoto wakacheka, hawakufungua. Zimwi likaenda zake, likailainisha sauti. Siku ya tatu likarudi. Safari hii sauti ilikuwa ya mama hasa. "Nifungulieni haraka, wanangu! Haraka! Mzigo ni mzito, mvua inakuja!"

Watoto wakafungua.

"Mjomba, zimwi lilivunja mlango?"

Halikuvunja. Mlango ulikuwa mzima. Komeo lilikuwa zima. Watoto wenyewe ndio walioliondoa komeo, kwa sababu ya neno moja. Neno gani?

"Haraka!"

Hao ndio wanangu! Mama wa kweli angengoja kidogo wamchungulie kwenye ufa. Zimwi lisingeweza kungoja. Basi nawapa swali moja la kutembea nalo. Lishikeni kama mtu anavyoshika nauli yake. Swali lenyewe ni hili: haraka ni ya nani?

Semeni nami. Haraka ni ya nani?

Vizuri. Sasa turudi kwenye simu. Mwezi Machi mwaka 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa hapa Kenya. Tangu hapo simu ikawa kibubu. Humo ndani mna karo, mna kodi ya nyumba, mna pesa za omena za kesho. Zimwi likaona kibubu. Likaacha kukaa nyuma ya mti, likajifunza kuandika ujumbe.

"Acha nieleze hapa," ikasema Mulika Mwizi, "maana ujumbe huo hupita kwangu. Unasema umepokea shilingi elfu tatu. Mara simu inalia. Mtu analia pia. 'Mama, nimekutumia pesa kimakosa. Mtoto wangu yuko hospitalini. Nirudishie sasa hivi!' Mwenye nyumba ana huruma. Anatuma. Lakini ule ujumbe wa kwanza haukutoka M-Pesa. Ulitoka kwenye namba ya mtu, na mtu huyo ameuandika ufanane. Pesa haikuingia. Pesa imetoka."

Haraka ni ya nani, wanangu? Ya yule anayelia. Sasa tufanyeje? Tunaangalia salio. Pesa ambayo haikuingia hairudishwi.

"Na kama iliingia kweli, Mjomba?"

Wewe una akili ya kupima. Ikiwa iliingia kweli, aliyekosea ana njia yake. Anatuma ule ujumbe wa M-Pesa kwenda namba 456, na kampuni inaishughulikia. Mama hana haja ya kutuma chochote kwa mkono wake. Aiache pesa ikae, asiitumie, mpaka kampuni iamue.

Siku nyingine zimwi linabadili sauti. Halilii tena. Linaongea kama mtu wa ofisini. "Habari ya leo, mteja wetu. Laini yako itafungwa baada ya dakika tano. Bonyeza hivi na hivi. Taja namba yako ya siri." Dakika tano! Mnaisikia ile haraka? Safaricom wenyewe wamesema mara nyingi kwamba wakimpigia mteja, hutumia namba 0722000000 tu. Na hakuna mfanyakazi wa kweli wa kampuni yoyote ya simu wala benki anayehitaji namba yako ya siri.

Kwa nini haihitaji? Tazama ule mlango wetu. Una kufuli nje na komeo ndani. Komeo la ndani hushikwa na aliye ndani. Aliye nje, hata awe mwenye plot, hana kazi nalo. Namba ya siri ni komeo la ndani. Akiiomba mtu wa nje, umekwisha kumjua. Kata simu. Mwambie mama atume namba ya tapeli huyo kwenda 333, bila malipo, ili kampuni imfuatilie.

Dada yenu hapa ana simu ya kugusa. Naye zimwi humjia kwa njia yake. Anapata ujumbe kwenye WhatsApp, umetoka kwa rafiki wa darasani. "Nimetuma namba sita kwako kimakosa. Nisomee haraka." Zile namba sita ni ufunguo wa nyumba ya dada yenu. Akizisoma, mgeni anahamia. Anakaa kwenye kiti chake. Anavaa jina lake na picha yake. Kisha anazunguka kwa majirani akisema, "Ni mimi, nikopesheni elfu moja." Na yule rafiki aliyeandika? Huenda si yeye. Huenda nyumba yake ilikwisha kuchukuliwa jana.

Dawa zake ni mbili. Ya kwanza, namba iliyokuja kwako ni yako. Haisomwi kwa mtu. Ya pili, WhatsApp ina kufuli la pili, namba nyingine ya siri unayojiwekea mwenyewe kwenye mipangilio. Mwizi akiiba ufunguo mmoja, anakuta mlango bado umefungwa.

"Mjomba, mimi nimesikia mwizi anaweza kuiba laini yote, na simu bado iko mfukoni."

Nani alikwambia? Umesikia kweli. Ni hivi. Mtu anakwenda kwa fundi wa funguo na kusema, "Mimi ndiye mwenye nyumba ile. Nimepoteza ufunguo." Amebeba jina lako na namba ya kitambulisho chako. Fundi akidanganyika, anamtengenezea kitasa kipya. Ukirudi, ufunguo wako hauzunguki. Laini nayo huibwa vivyo hivyo: mwizi anaomba kadi mpya yenye namba yako, na kadi yako inakufa. Dalili yake ni hii: simu ya mama inapoteza mtandao ghafla, na za majirani zote zinao. Usingoje kesho. Azima simu ya jirani, kampuni ipigiwe, laini ifungwe. Na kabla ya siku hiyo kufika, mama mwenye laini ya Safaricom apige *100*100#, laini isibadilishwe ovyo na mtu asiyejulikana. Apige pia *106#, aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta asiyoijua, aulize.

Ndiyo sababu nawaambia kitambulisho cha mama hakipigwi picha na kila anayepita mlangoni na daftari. Wengine husema wanaandikisha watu wa kupewa msaada. Mwambie, "Ngoja mama aje." Mtu wa kheri hungoja.

Sasa njooni karibu zaidi. Nimefika kwenye zimwi jipya kabisa.

Mnakumbuka zimwi la kale lilivyohangaika kulainisha sauti? La leo halihangaiki. Kuna programu ya kompyuta inayosikiliza sauti ya mtu kidogo tu, kisha inasema maneno ambayo mtu huyo hakuyasema. Mwezi Januari 2023 watafiti wa Microsoft walieleza programu yao iitwayo VALL-E. Waliipa sekunde 3 za sauti ya mtu, nayo ikaiga. Sekunde tatu! Ni muda wa kusema, "Shikamoo, Mjomba, nimefika."

"Basi mwizi anaweza kuiga sauti ya shangazi wa Kawangware?"

Anaweza, akipata video ambayo shangazi anaongea. Fikirieni. Simu inalia. Ni sauti ya shangazi. Analia. "Nimeshikwa hapa sokoni Kawangware. Nitumieni elfu mbili kwa hii namba, haraka, simu yangu inazimika!" Sauti ni yake. Machozi ni yake. Lakini shangazi yuko kibandani kwake anakaanga viazi, wala hana habari.

"Mjomba, mtu mzima aliyesoma hawezi kudanganywa hivyo."

Anaweza, mwanangu. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba mfanyakazi wa kampuni ya Arup, kule Hong Kong, aliingia kwenye mkutano wa video. Aliwaona wakubwa wake. Aliwasikia. Akatuma pesa walizoagiza, karibu dola milioni 25. Wale wakubwa hawakuwa wao. Nyuso na sauti zilikuwa zimetengenezwa. Kwa hiyo jirani yenu akitapeliwa, msimcheke na msimwite mjinga. Aliyechekwa leo, kesho atanyamaza. Na zimwi linapenda sana nyumba ambayo watu wake wananyamaza.

Basi tutafanyaje na sauti kama hiyo? Tunafanya mambo mawili. Tunakata simu, kisha tunampigia shangazi sisi wenyewe, kwa ile namba tuliyoihifadhi siku zote. Akiwa hapatikani, tunampigia jirani yake. La pili ni neno la nyumbani. Hilo nitalieleza mwisho, msinikimbize. Haraka ni ya nani?

Ha! Leo haraka ni yenu.

Sasa niwaambie juu ya wezi wengine, wasiobeba kitu. Mwezi Julai 2023 mtandao wa serikali wa eCitizen ulikwama. Kundi lililojiita Anonymous Sudan likasema ndilo lililofanya. Watu wengi walihangaika, hata kununua stima kwa simu kukawa taabu. Serikali ilisema hakuna taarifa za watu zilizopotea.

"Kama hawakuiba kitu, walifanya nini?"

Mnamjua mama wa mandazi pale njiani? Asubuhi ana wateja kumi. Siku moja mtu mwenye chuki anatuma watu elfu moja. Wanajazana mbele ya kibanda. Wanauliza bei, hawanunui. Wanauliza tena, hawaondoki. Wewe una shilingi kumi yako mkononi na shule inaanza, lakini humfikii mama. Mandazi yapo. Mafuta yapo. Njia ndiyo haipo. Hivyo ndivyo eCitizen ilivyofungwa: kompyuta nyingi zilibisha hodi kwa pamoja, zote za uongo. Mwezi Oktoba 2024 huko Marekani ndugu wawili wa Sudan walitangazwa kushtakiwa kwamba ndio waliokuwa wakiliendesha kundi hilo.

Na siku kama hiyo, watu wakiwa na shida na haraka, ndipo mtu anapotokea na kusema, "Nipe namba zako, nikusaidie kwa njia ya mkato." Siku ya foleni ndefu ndiyo siku ya kushika mfuko wako vizuri. Mtandao ukikwama, tunangoja ufunguke.

"Mjomba, na mwizi wa macho je? Mama alisema watu waliuza macho."

Hawakuyang'oa, usiogope! Lakini mama alisema jambo kubwa. Mwaka huo huo wa 2023, watu wengi walipanga foleni Nairobi, hadi kwenye jumba la KICC. Walikuwa wakichungulia kifaa cha mviringo, kinachong'aa kama mpira wa fedha. Kilikuwa cha mradi wa Worldcoin. Kifaa kilipiga picha ya mboni ya jicho, na mtu akapewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya karibu shilingi 7,000. Wengine walikimbia wasije wakakosa. Mnaiona ile haraka tena? Tarehe 2 Agosti 2023 serikali ya Kenya ikausimamisha mradi huo. Na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa zile za miili ya watu zifutwe.

"Picha ya jicho ina ubaya gani?"

Sikia. Chungu kikivunjika, tunanunua kingine. Namba ya siri ikijulikana, tunaibadilisha jioni hiyo hiyo. Jicho utabadilisha wapi? Alama ya kidole utanunua duka gani? Kitu usichoweza kukibadilisha hakiuzwi wala hakiazimwi mpaka mzazi ajue kinakwenda wapi, kitafanya nini, na nani atakitunza. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu mwaka 2019. Sheria hiyo inampa hata mama wa Mashimoni haki ya kuuliza.

Sasa tushuke barabarani, maana wezi wa miguu nao bado wapo.

Ukitembea relini, simu inakaa mfukoni. Mkono unaoandika ujumbe huku macho hayako njiani ni mkono unaopungia mwizi. Mama akiweka namba ya siri kwa wakala, simama nyuma yake na kumfunika kwa mgongo wako mdogo. Umekuwa mlinzi! Mkienda saiba kuchapisha fomu, msiondoke mpaka mmetoka kwenye akaunti. Kuiacha wazi ni kuondoka nyumbani na sufuria jikoni, mlango wazi, na paka anatazama.

Na lipo jambo ninalotaka mlisikie kwa masikio yote mawili. Kuna mtu anaweza kuja kwenye mchezo wa simu au kwenye picha zenu. Atasema ana miaka kumi kama wewe. Atakusifu. Atakutumia kredo. Kisha ataomba picha yako. Kisha atasema, "Tukutane, lakini usimwambie mama." Hapo hapo simama. Rafiki wa kweli hana shida mama akimjua. Anayekuomba umfiche kwa mama ni zimwi, hata picha yake iwe ya mtoto mwenzako.

"Na kama nimekwisha kumtumia picha, Mjomba? Mama hatanipiga?"

Njoo hapa, mwanangu. Kosa si lako. Kosa ni la aliyekudanganya. Njoo kwangu. Nenda kwa mama, kwa mwalimu, kwa mtu mzima yeyote unayemwamini. Usifute ule ujumbe, maana ndio nyayo za zimwi. Kenya ina sheria ya uhalifu wa mtandaoni tangu mwaka 2018, na nyayo hizo ndizo zitakazowaongoza polisi.

Nanyi wazazi mnaosikiliza nyuma ya pazia, nawaomba. Mtoto akija na neno kama hilo, mshukuruni kwanza. Ukali wenu ndio giza ambalo zimwi hujificha ndani yake.

"Mjomba, basi tuache intaneti kabisa?"

Hapana, wanangu. Kwa sababu ya shimo, je, tunaacha kwenda shule? Hapa hapa Kibera, Taasisi ya Tunapanda imejenga mtandao wa jamii, ikafunga antena juu ya mapaa ili shule zetu zipate intaneti na masomo. Njia ni yetu. Tunaipita, na tunaangalia tunapokanyaga.

Katika ile hadithi ya kale mama alirudi, akalipasua zimwi tumbo, na watoto wakatoka wazima. Pesa iliyomezwa na zimwi la simu haitoki kwa urahisi hivyo. Kwa hiyo sasa lile neno la nyumbani nililowaahidi. Usiku huu, kabla ya kulala, kaeni na mama, na baba, na bibi. Chagueni neno moja. Lisiwe jina la mtoto, wala la shule, wala la kijiji. Hayo kila mtu anayajua. Liwe neno la ajabu linalowachekesha nyinyi tu. Msiliandike kwenye simu. Msiliimbe nje, zimwi lisije likalisikia nyuma ya mti. Siku sauti ya mama au ya shangazi ikiita kwenye simu kwa kilio, mtauliza, "Neno letu ni lipi?" Programu inaweza kuiga sauti. Neno ambalo halikupata kusemwa simuni haina pa kulitoa.

"Nami naomba kusema la mwisho," ikasema Mulika Mwizi. "Betri yangu imebaki kidogo. Mkinisikia nalia usiku, na mtu anawaharakisha, niwekeni chini. Hesabuni mpaka kumi. Kisha ulizeni lile swali."

Haraka ni ya nani?

Sasa laleni, wanangu, na mlango ufungwe kwa komeo. Na mtoto akiwa na jambo linalomwogopesha na hana wa kumwambia, apige 116. Ni namba ya kusaidia watoto Kenya nzima. Hupokelewa usiku na mchana, na haina malipo hata shilingi moja.